Bi Karani Anajibu: Peleka Mbili, Rudi na Moja Yenye Muhuri

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Katiba, na karibu zote zinauliza jambo moja: "Je, wanaruhusiwa?" Polisi wanaruhusiwa? Kaunti inaruhusiwa? Hospitali inaruhusiwa? Nitajibu, ila nataka msomaji wangu aanze na jambo lililoandikwa kwenye Kifungu cha 19 cha Katiba ya Kenya: haki ni za kila mtu, na hazikutolewa na serikali. Kisha Kifungu cha 24 kinaongeza kwamba anayetaka kuipunguza haki ya mwenzake ndiye anayepaswa kuithibitishia mahakama kwamba ana sababu ya kisheria. Kwa hiyo ukisimama mbele ya askari, karani au afisa wa kaunti, mzigo wa kujieleza ni wake. Wewe muulize kwa adabu: "Ni sheria gani?" Halafu andika alichokujibu.

Kwa wasomaji wapya: nilikuwa karani wa mahakama huku Pwani mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi, kuzipiga muhuri, kuzitia kwenye majalada na kuyatafuta majalada yakipotea. Nimewaona watu wenye haki zao kamili wakiondoka mikono mitupu kwa sababu hawakuwa na hata risiti. Ndiyo maana hamtaacha kunisikia nikitaja karatasi.

Shikamoo Bi Karani. Kijana wangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Alikamatwa Ijumaa magharibi, mpaka leo sijaambiwa kosa ni lipi hasa. Aliwekwa seli Jumamosi na Jumapili. Nilipokwenda kumwona niliambiwa nilete elfu tano "za dhamana" ndipo atoke. Nilizikopa nikatoa, sikupewa karatasi. Jumatatu aliachiliwa, hakupelekwa mahakamani. Nimenyamaza kwa kuogopa. Je, wanaruhusiwa kumweka siku zote hizo, na pesa zangu zimekwenda? — Mama wa bodaboda, Kilifi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nitaanza na siku, kisha nije kwenye pesa.

Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Aambiwe kwamba ana haki ya kunyamaza, na asilazimishwe kukiri. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kumsaidia, na wewe mama yake umo humo. Tena afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Hapa ndipo Ijumaa magharibi inapoingia. Katiba inasema saa hizo zikimalizikia wakati mahakama zimefungwa, basi mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo kumleta Jumatatu asubuhi kusingevunja kipengele cha saa 24. Lakini soma neno lile lililotangulia: mapema iwezekanavyo. Tena Katiba inampa mshukiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito ya kumzuia. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, haifai kabisa kumweka rumande. Makosa mengi ya barabarani wanayokamatiwa vijana wa boda ni madogo. Kumkamata mtu Ijumaa jioni kwa jambo la namna hiyo na kumwacha akae na chawa hadi Jumatatu, hapo mwenye kituo ana kazi ya kueleza kwa nini hakumpa bondi Ijumaa ile ile.

Saa hizi 24 hazikuokotwa. Zilikuwamo kwenye Katiba ya zamani, kisha mwaka 1988 Bunge likabadilisha ili mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo aweze kukaa mikononi mwa polisi siku 14. Mwaka huo huo majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, hata anayewekwa ndani akawa hana jaji asiye na hofu wa kumkimbilia. Hiyo ndiyo miaka ya vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali katikati ya jiji la Nairobi, ambako watu walisimamishwa kwenye maji na kupigwa mpaka wakakiri walichotakiwa kukiri. Wengi walifikishwa kortini baada ya saa za kazi, bila wakili, wakakubali mashtaka wakahukumiwa siku ile ile. Baadhi yao mahakama zimewapa fidia miaka mingi baadaye, wengine wameshazikwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema habari ya saa 24 ni kuwatetea wezi, mkumbushe hilo.

Sasa pesa. Bondi ya polisi haina malipo. Mtu anatia sahihi kwamba atafika kituoni au mahakamani siku fulani, basi. Polisi wakitaka dhamana ya pesa taslimu, pesa hizo ni amana: zinaandikwa, unapewa risiti ya serikali yenye nambari, na kesi ikiisha au ikiwa hakuna kesi, zinarudi. Elfu tano bila risiti hazikuwa dhamana. Ziite jina lake.

Fanya hivi. Rudi kituoni mchana, ukiwa na mtu mzima mwingine, ikiwezekana mzee wa mtaa au mtu wa dini anayejulikana. Uliza nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, ya siku aliyoingizwa kijana wako. Kitabu hicho kinatakiwa kuonyesha saa aliyofikishwa, aliyemkamata, kosa, na saa aliyotolewa. Ukipewa nambari, iandike hapo hapo kwenye daftari lako pamoja na jina la askari uliyezungumza naye. Ukinyimwa, andika kwamba umenyimwa, saa ngapi, na nani. Kisha tunga barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo: kijana alikamatwa lini, alitolewa lini, ulitoa kiasi gani, kwa nani, unaomba risiti au urejeshewe. Chapisha mbili: moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokewa urudi nayo. Wakikataa kuipiga muhuri, nakala ile ile ipeleke kwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, ambayo Bunge liliiunda kwa sheria ya 2011. Hao hupokea malalamiko bila malipo na hawahitaji wakili.

Umesema unaogopa, nami sikulaumu. Lakini barua yenye shahidi inamlinda kijana wako zaidi kuliko kunyamaza, kwa sababu kuanzia siku hiyo aliyemkamata anajua kuna mtu anayeandika.

Bi Karani, dada yangu amejifungua kwa upasuaji. Bili imetushinda na hospitali imekataa kumtoa, yeye na mtoto. Analala wadini, wengine wawili kitanda kimoja. Wanasema ni deni na deni hulipwa. — Kaka mtu, Mombasa

Deni hulipwa, ndiyo. Mtu hafanywi rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya wanawake waliozuiliwa katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu hiyo hiyo, na jaji Mumbi Ngugi akasema kuwazuilia kulivunja haki zao, uhuru wao na utu wao. Waliamriwa walipwe fidia. Hospitali ina njia ya halali ya kudai fedha zake: mkataba wa kulipa kidogo kidogo, au kwenda kortini kudai deni kama mdai mwingine yeyote. Andikeni leo barua kwa msimamizi wa hospitali, mkiri deni, mtaje mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, na mdai mama na mtoto waruhusiwe. Taja uamuzi huo wa 2015. Asipojibu kufikia kesho, nenda moja kwa moja kwenye sajili ya Mahakama Kuu. Soma jibu langu la mwisho hapa chini namna ya kufika bila wakili.

Bi Karani, salamu. Tunauza viazi na vitunguu soko la kaunti. Tulikuwa tukilipa ushuru wa kila gunia bei tuliyoizoea. Mwezi uliopita kanjo, askari wa kaunti, wakaja na risiti mpya, bei mara mbili. Tulipouliza tuliambiwa "ni Sheria ya Fedha, ilipitishwa, mlikuwa wapi?" Hatukuitwa popote. Mwenyekiti wetu anasema tuache, serikali ni serikali. — Wauza viazi, Pwani

Mwenyekiti wenu nampenda, lakini hapa simfuati.

Tuanze na shina. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na wale waliopo ofisini wanayatumia kwa niaba. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kuondolewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na liwashirikishe watu wakati wa kutunga sheria. Yaunganisheni hayo matatu: kaunti inaweza kuwaongezea ushuru, lakini kwa sheria iliyopitishwa, na sheria hiyo lazima ipite mbele ya macho yenu ingali mswada.

Hili limeshapimwa kortini. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013, watu wakashtaki kwamba hawakushirikishwa. Kaunti ikaonyesha tangazo ililotoa. Aprili 2014 jaji George Odunga aliibatilisha sheria nzima. Alichosema ndicho ninachotaka mkisome mkiwa mmeketi kwenye magunia yenu: bunge la kaunti halitimizi wajibu kwa kutoa tangazo tu, linapaswa kuwahimiza watu wajitokeze, kupitia makanisa, misikiti, mahekalu, baraza, redio za taifa na za lugha za nyumbani, popote watu wanapokutana. Na jambo likiwa la kodi, alisema, wajibu huo unazidi uzito. Sokoni kwenu kuna msikiti kando na kipaza sauti cha kutangaza mtoto aliyepotea. Kama kipaza sauti hicho hakikutumika hata mara moja kusema "kuna mswada wa ushuru", mna la kuuliza.

Nisiwadanganye, lakini. Kushirikishwa hakumaanishi kukubaliwa. Kaunti ikiwaita kwa muda wa kutosha, ikawapa mswada mkausoma, ikawasikiliza, kisha ikapitisha bei ile ile, hapo mtakuwa mmeshindwa kwa haki. Na mahakama zenyewe hazikubaliani kila mara ni kiasi gani kinatosha. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilifuta Sheria ya Fedha ya taifa ya 2023, miongoni mwa sababu zikiwa mambo yaliyoingizwa bila wananchi kuulizwa. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo na sheria ikarudi. Kwa hiyo msikimbilie kesi. Kwanza pateni ukweli wa karatasi.

Na hapa mna chombo kizuri ambacho watu wengi hawakijui: Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35. Inawaruhusu raia kuomba kwa maandishi habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Narudia, kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Hulipii ombi, unalipia nakala tu kama zipo za kupigwa. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Na kama katika chama chenu kuna mama asiyejua kuandika, afisa wa habari anatakiwa amsikilize, amwandikie ombi lake mwenyewe, na ampe nakala.

Barua yenu isiwe ndefu. Waliokuwa wakiniletea kurasa kumi za malalamiko, jibu lao lilichelewa; aliyeleta maswali manne kwenye ukurasa mmoja alijibiwa, kwa sababu hakuna pa kujificha. Andikeni hivi:

"Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti. Sisi ni wafanyabiashara wa soko, raia wa Kenya. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba: moja, nakala ya sheria iliyoweka ushuru mpya wa gunia, na tarehe iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi; mbili, matangazo yote yaliyotolewa kuwaita wananchi kuujadili mswada, na tarehe zake; tatu, orodha ya mikutano iliyofanyika, mahali na kumbukumbu zake; nne, ripoti ya kamati ya bunge la kaunti kuhusu maoni yaliyopokewa."

Tarehe, majina, sahihi, nambari ya simu. Peleka mbili, rudi na moja yenye muhuri wa kupokewa. Mtazame yule wa mapokezi anapopiga muhuri: tarehe isomeke, na saini yake iwe juu ya muhuri. Nimeona mihuri iliyokauka wino ikigeuka ubishi wa nusu saa mbele ya hakimu. Ukiona haisomeki, omba apige tena. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa hapo. Zikipita kimya, au mkikataliwa, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, mkiambatisha nakala yenye muhuri.

Wakati mnasubiri, lipeni ushuru mpya na mtunze risiti zote kwenye mfuko mmoja. Sheria iliyopitishwa inahesabiwa ni sheria mpaka mahakama iseme vinginevyo, na sitaki kanjo wawanyang'anye mizani kwa kisingizio cha kugoma kulipa. Risiti hizo ndizo zitakazoonyesha mlitozwa kiasi gani kama siku moja mtadai kurejeshewa.

Tunataka kufanya mkutano uwanjani kuhusu maji. Naibu wa chifu anasema hatujapewa kibali. Kibali hutolewa na nani? — Vijana wa mtaa

Hakuna kibali. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mumpe mkuu wa kituo cha polisi taarifa, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe, mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni kumjulisha ili apange ulinzi. Akipokea taarifa, anaweza kuwaambia haiwezekani kama kuna wengine waliotangulia kutoa taarifa ya mahali hapo, siku hiyo, saa hiyo. Naibu wa chifu hana nafasi katika mpango huo. Pelekeni mbili, mrudi na moja.

Bi Karani, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu wetu alisema Katiba iko juu ya Bunge. Nikamuuliza, wabunge tumewachagua, majaji hatukuwachagua. Kwa nini majaji wachache wazuie jambo ambalo viongozi waliochaguliwa na mamilioni wanalitaka? Hakunijibu vizuri. — Msichana anayesoma, Kwale

Mwanangu, hili ndilo swali lililonifurahisha zaidi mwezi huu. Mwalimu wako amesema kweli, ila kweli hiyo inahitaji kuonyeshwa ilivyopatikana.

Anza na nani aliyeipitisha. Katiba hii haikupitishwa na wabunge peke yao. Mwaka 2005, Novemba, wananchi waliletewa rasimu wakaikataa kwenye kura ya maoni, wakati wa chungwa na ndizi, alama za "hapana" na "ndiyo". Wazazi wako watakueleza. Tarehe 4 Agosti 2010 wakaletewa nyingine, theluthi mbili hivi ya waliopiga kura wakasema ndiyo, na tarehe 27 Agosti Rais Mwai Kibaki akaitia sahihi mbele ya umati pale Uhuru Park. Kwa hiyo jaji anapomzuia mbunge kwa kutumia Katiba, anamzuia kwa neno la wale wale waliomchagua mbunge, neno walilolisema wakiwa wengi zaidi na wakiwa wametulia.

Kwa nini walitaka kufuli hilo? Kwa sababu waliishi bila lenyewe. Katiba ya uhuru ya 1963 ilibadilishwa mara kwa mara na Bunge, na mengi ya mabadiliko hayo yalielekea upande mmoja, ikulu. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaingizwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Wabunge waliochaguliwa ndio waliopiga kura hiyo. Hakikuondolewa hadi Desemba 1991. Nimeshataja ya 1988 kwenye jibu la mama wa bodaboda. Kumbuka wote hao walikuwa wamechaguliwa, mwanangu.

Sasa mfano wa karibu. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walitaka kubadilisha Katiba kwa mpango ulioitwa BBI: kurudisha waziri mkuu, kuongeza maeneo bunge 70, na mengine mengi. Walitumia Kifungu cha 257, ambacho kinawapa wananchi njia yao ya kubadilisha Katiba kwa kukusanya sahihi milioni moja. Bunge likapitisha. Mabunge mengi ya kaunti yakapitisha. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema hapana. Agosti Mahakama ya Rufaa ikasema hapana. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema jambo lenye pande mbili, na nataka uzishike zote. Iliwakatalia waliodai kwamba kuna sehemu za Katiba zisizoweza kuguswa kwa njia za kawaida za kubadilisha Katiba. Hapo upande wa Rais ulishinda. Lakini ikasema njia ya Kifungu cha 257 ni ya wananchi, Rais hawezi kuianzisha yeye. Na kwamba yale maeneo bunge 70 yaliingizwa bila watu kushirikishwa. Mpango ukaishia hapo.

Ukitazama vizuri, majaji hawakusema Katiba haibadilishwi. Inabadilishwa. Kuna mambo Bunge linaweza kuyabadilisha bila kura ya wananchi, na kuna mambo kama haki za raia, muda wa Rais madarakani, uhuru wa mahakama na ugatuzi, ambayo Kifungu cha 255 kinataka yarudi kwa wananchi wapige kura. Kilichokatazwa ni kiongozi kupita kwenye mlango wa raia.

Na majaji nao wana mipaka. Wanasubiri mtu alete kesi. Wanaandika sababu zao, kila mtu anazisoma, na wasiokubaliana na wenzao wanaandika zao pia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliufuta uchaguzi wa Rais, majaji 4 kwa 2. Wawili waliopinga wameandika kurasa nyingi, na mimi nimezisoma kwa heshima ile ile. Rais alisema hakubaliani, akautii uamuzi, na Oktoba watu wakapiga kura upya. Jeshi halikutoka kambini, na hukumu ile ilikuwa karatasi tu. Mwalimu wako akikupa nafasi, wasomee wenzako darasani Kifungu cha 160, kinachosema mahakama haiamrishwi na mtu wala ofisi yoyote. Kisha waulize ni nani alinufaika majaji walipokosa ulinzi huo.

Habari Bi Karani. Niko Tanga, nasoma safu yako kupitia kwa shemeji. Unazungumzia Katiba ya Kenya tu. Sisi huku haki zetu zimeandikwa? — Fundi cherehani, Tanga

Zimeandikwa ndugu yangu, tena kwa Kiswahili. Katiba yenu ya 1977 ilianza bila sura ya haki. Iliingizwa na mabadiliko ya 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuidai mahakamani mwaka 1988. Utazikuta kuanzia ibara ya 12. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba inahifadhiwa, kwa kufuata utaratibu, na ibara ya 30 inampa anayeona haki yake imevunjwa njia ya kwenda Mahakama Kuu. Utaratibu wenyewe uko katika sheria ya 1994 ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi.

Msome marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Alidai kwamba raia aweze kugombea bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa kumzuia, akarudi mahakamani, akashindwa katika Mahakama ya Rufaa, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale pale Arusha, na Juni 2013 akashinda. Kuhusu katiba mpya, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni na kuandika rasimu, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, haijapigwa. Nikiwa jirani, natamani siku moja nanyi mwulizwe ndiyo au hapana.

Bi Karani, haya yote mazuri, lakini mimi sina pesa ya wakili. Ardhi ya kijiji inachukuliwa, matingatinga yanaonekana. Haki bila wakili ni ya nini? — Mzee wa kijiji

Shikamoo mzee wangu. Soma Kifungu cha 22 nami. Mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza kwenda, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma; chama cha wanakijiji kinaweza pia. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Na kanuni zilizotolewa na Jaji Mkuu Willy Mutunga mwaka 2013 zinairuhusu mahakama ipokee barua ya kawaida, hata maelezo ya mdomo, ambayo mahakama yenyewe itayatia kwenye maandishi, mradi yaonyeshe haki iliyovunjwa au inayotishiwa.

Usingoje matingatinga yafike. Kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kilikuwa na amri ya mahakama ya Novemba 2011 ya kuzuia ubomoaji, na bado nyumba zikabomolewa siku chache baadaye, pamoja na shule. Kesi ile ilipanda na kushuka mpaka Januari 2021, ndipo Mahakama ya Juu ikasema hata waliojenga kwenye ardhi ya umma wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Miaka 9 na zaidi. Ninyi mna nafuu ya kuanza mapema.

Kesho asubuhi kusanyeni vitu vitano: barua au notisi yoyote mliyopewa; picha za matingatinga zenye tarehe; majina ya kaya zote na miaka waliyokaa; chochote kinachoonyesha makazi, kama bili ya maji, kadi ya kliniki ya mtoto au kumbukumbu ya baraza; na maelezo ya ukurasa mmoja ya nani anachukua, kwa idhini ya nani, na mnaomba nini, yaani amri ya kuzuia mpaka kesi isikizwe. Kama ni ardhi, mwulize karani wa sajili kama inafaa iende Mahakama Kuu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, maana kesi nyingi za umiliki ni za hiyo ya pili. Andikeni juu ya barua: "Ya dharura". Na muulizie ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo.

Fikeni sajili kabla ya saa tatu, kwa sababu majalada ya dharura hupelekwa kwa jaji mapema. Karani akisema "leteni wakili", mwonyesheni Kifungu cha 22 kwa kidole, taratibu, na mmwombe awaandikie kwamba amekataa kupokea. Mkirudi na muhuri, nitumieni nambari ya kesi.